Sukari, Hewa na Mikono: Tafakari juu ya Peremende ya Kuvutwa katika Nyumba ya Musaga

Peremende ya kuvutwa kwa mikono ni pipi ya sukari na mnanaa ambayo shira yake, yaani maji ya sukari yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, humwagwa kwenye sinia lililopakwa mafuta, huachwa ipoe kiasi cha kuvumilika mkononi, kisha huvutwa, hukunjwa na kuvutwa tena mara nyingi, mpaka rangi yake ya asali itoweke na mahali pake pashikwe na weupe wenye mng'ao. Mwenye kuorodhesha vilivyotiwa ndani yake humaliza upesi, kwa kuwa ni sukari, maji, ndimu kidogo na matone machache ya mafuta ya mnanaa. Na vitu hivyohivyo, vikipikwa kwa kipimo kilekile na kuachwa vigande bila kuvutwa, hutoa pipi ya aina nyingine kabisa, ngumu, nzito na yenye kupenya nuru. Tofauti kati ya pipi hizi mbili haimo katika viungo. Imo katika kazi ya mikono ya dakika chache, na katika hewa ambayo kazi hiyo huiingiza ndani ya sukari, na kwa sababu hiyo peremende ya kuvutwa inafaa kuulizia swali ambalo vyakula vingi hulificha: kazi, ikitazamwa peke yake bila kuongezwa kitu chochote cha kununuliwa, huongeza nini?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika Musaga, eneo la kusini mwa Bujumbura lililopanda mteremko kati ya mito Muha na Kanyosha, ambako barabara ya taifa namba 7 hupita ikielekea milimani, na ambako chakula cha kaya nyingi huiva juu ya imbabura, kama jiko dogo la makaa linavyoitwa kwa Kirundi. Sukari ya Burundi hutoka hasa katika Kampuni ya Sukari ya Moso, inayojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, SOSUMO, ambayo iliundwa mwaka 1982 na kuanza kuzalisha mwaka 1988 katika nyanda za Moso, kusini mashariki mwa nchi, karibu na mpaka wa Tanzania. Katika miaka mizuri kiwanda hicho kimetoa tani 20,000 hivi, na nchi ina watu zaidi ya milioni 12, kwa hiyo uzalishaji huo ukigawanywa sawasawa kila mtu hupata pungufu ya kilo mbili kwa mwaka mzima. Ndiyo maana kutafuta sukari madukani na kuikosa ni jambo ambalo mkazi wa Bujumbura hahitaji kusimuliwa. Nusu kilo, ambayo ni kipimo cha kawaida cha mpiko mmoja wa peremende nyumbani, ni zaidi ya robo ya fungu hilo la mtu mmoja la mwaka, na mwandishi yeyote wa mapishi anayeiita pipi hii kitu cha gharama ndogo anazungumza na jiko lililo mahali pengine.

Mwanaanthropolojia wa Marekani Sidney Mintz, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu nafasi ya sukari katika historia ya dunia ya leo, alieleza jinsi sukari ilivyoingia Ulaya ikiwa dawa na kiungo cha matajiri, ikashuka ngazi kwa ngazi hadi ikawa chakula cha mfanyakazi wa kiwandani wa Uingereza, aliyeitia katika chai ili apate nguvu ya haraka kwa bei aliyoimudu. Katika kaya ya mjini isiyo na uhakika wa kupata sukari, mpangilio huo wa matumizi huonekana wazi: kwanza chai ya asubuhi, kisha uji wa mtoto, kisha mgeni, na pipi huja mwisho kabisa ikiwa inakuja. Kwa hiyo mpishi anayechukua nusu kilo na kuipeleka kwenye pipi haokoi fedha, hasa kwa vile maduka madogo ya mtaani, ambayo wenyeji huyaita butike, huuza pipi za viwandani moja moja kwa bei ambayo jiko la nyumbani haliwezi kushindana nayo. Anachofanya ni kuchagua, na uchaguzi huo una maana tu iwapo kile kinachotoka mikononi mwake hakiwezi kununuliwa kwenye butike.

Upishi wenyewe, kabla ya kufika kwenye kuvuta, ni kazi ya kuondoa maji. Nusu kilo ya sukari huyeyushwa katika maji yasiyozidi glasi moja, pamoja na kijiko kidogo cha maji ya ndimu, na kadiri maji yanavyotoka kwa mvuke, shira hupanda moto kuliko maji matupu yanavyoweza kupanda. Hapa kuna jambo ambalo wapishi wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni kwamba kipimajoto kinapowekwa ndani ya shira hakipimi ukali wa moto wa jiko, bali kwa njia ya mzunguko kinapima kiasi cha maji kilichobaki. Shira yenye joto la nyuzi 116 za Selsiasi bado ina maji kama sehemu 15 katika kila sehemu 100, na ndiyo maana ikipoa huwa laini. Ile iliyofika nyuzi 150 imebakiwa na maji kama sehemu moja tu, na ikipoa huvunjika kwa mlio. Peremende ya kuvutwa iliyo ngumu hutaka kiwango hiki cha pili au cha chini yake kidogo, na kupita nyuzi 160 ni kuelekea kwenye sukari iliyoungua, ambayo ina uchungu wake na rangi yake ya kahawia isiyoweza kufutwa na kuvuta kokote.

Vipimo hivyo, hata hivyo, viliandikwa kwa majiko yaliyo usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya bahari, na Musaga iko juu zaidi ya ziwa, kwa hiyo maji huchemka huko kwenye nyuzi 97 hivi badala ya 100, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza ni nyepesi zaidi. Tofauti ya nyuzi tatu huonekana ndogo kwa mpika maharage, ambaye atangoja kidogo tu, lakini kwa mpika shira ni tofauti ya kupata na kukosa, maana shira ambayo Mombasa ingefikia ukavu wake kwenye nyuzi 150, Musaga huufikia kwenye 147, na mpishi anayengoja kipimajoto kitimize namba ya kitabu atakuwa ameupita. Mpishi asiye na kipimajoto yuko salama zaidi kuliko huyo. Njia ya zamani ya kudondosha shira kidogo kwenye bakuli la maji baridi, kuichukua kwa vidole na kuihukumu kwa jinsi inavyobonyea, inavyonyooka au inavyokatika, haijali mwinuko wa mahali, kwa sababu haiulizi joto. Inaiuliza sukari yenyewe imebakiwa na maji kiasi gani. Tone linalotengeneza kidonge laini halijafika. Linalotoa nyuzi zinazopinda kabla ya kukatika limekaribia, na linalovunjika mara moja kwa mlio wa kioo limefika. Ni vigumu kutoona kwamba katika jambo hili ujuzi unaodhaniwa kuwa wa kubahatisha ndio wenye usahihi, na chombo kinachodhaniwa kuwa cha kisayansi ndicho kinachohitaji kusahihishwa.

Ndimu nayo ina kazi isiyohusiana na ladha. Sukari ya mezani ni sukrosi, yaani molekuli iliyoundwa na sukari mbili ndogo zilizoshikamana, glukosi na fruktosi, na asidi ya ndimu pamoja na moto huzitenganisha baadhi ya molekuli hizo. Mchanganyiko wa sukari tatu zenye maumbo tofauti hushindwa kujipanga kwa urahisi katika safu za fuwele, yaani chembe zenye mpangilio kama zile za sukari ya kilo, na ni kujipanga huko kunakoiharibu shira, kwa kuwa chembe moja iliyobaki ukingoni mwa sufuria ikitumbukia ndani inatosha kuigeuza shira yote kuwa mchanga kwa muda mfupi. Ndiyo sababu shira haikorogwi baada ya kuchemka, na sufuria hufunikwa dakika chache mwanzoni ili mvuke uoshe kingo zake. Ndimu ikizidi, balaa huwa la upande wa pili, maana pipi hukataa kukauka, ikanata mpaka mwisho. Jambo la kushukuru kwa mtu ambaye sukari yake ni ya kuitafuta ni kwamba shira iliyogeuka mchanga haijapotea: huongezewa maji, huyeyushwa na kupikwa upya. Iliyoungua ndiyo isiyorudi.

Kisha huja kuvuta, na hapa ndipo penye kiini cha jambo hili lote. Shira ikishamwagwa kwenye sinia, kingo zake hupoa kwanza, nazo hukunjwa kuelekea katikati kwa kisu kilichopakwa mafuta ili moto ulingane, na donge likiwa bado na joto kali lakini linaloshikika kwa mikono iliyopakwa siagi au mafuta yasiyo na harufu, huinuliwa. Mafuta ya mawese, yaliyo karibu na kila jiko kandokando ya Ziwa Tanganyika, hayafai hapa kwa rangi na kwa harufu yake, hata kama yanafaa katika vyakula vingine vingi vya eneo hilo. Donge huvutwa hadi liwe refu kiasi cha mkono, ncha zake hukutanishwa, husokotwa kidogo, na kuvutwa tena. Kila mkunjo huongeza maradufu idadi ya matabaka: mikunjo 10 hutoa matabaka 1,024, na mikunjo 20, ambayo mikono miwili huitimiza ndani ya dakika chache, hutoa zaidi ya milioni moja. Bila shaka sukari iliyo laini hujiunga tena na matabaka hayabaki yote mbalimbali, lakini hewa iliyofungwa kati yake hubaki, ikinyoshwa pamoja na sukari hadi ikawa vijia virefu vyembamba visivyoonekana kwa jicho.

Vijia hivyo ndivyo vinavyoleta weupe. Hakuna rangi nyeupe iliyotiwa. Nuru inayoingia katika donge hukutana na mipaka isiyohesabika kati ya sukari na hewa, hugeuzwa njia kila inapofika, na hatimaye hurudi nje imetawanyika, na kitu kinachoitawanya nuru yote bila kuchagua huonekana cheupe. Kwa kuwa vijia vimelala upande mmoja, upande ule wa kuvutia, uso wa pipi hupata mng'ao wa nyuzi ambao mashine za kumimina shira kwenye vibao haziutoi. Uzito haukuongezeka hata gramu moja, lakini umbo limekua, meno hupita kwa urahisi zaidi, na pipi huyeyuka ulimini haraka kuliko ile ya kioo, maana mate hupenya mahali palipo na hewa. Swali la kazi lililoulizwa mwanzoni linaanza kupata jibu lake hapa: mikono haikuongeza kitu, iliupanga upya utupu.

Hata hivyo mikono hiyo haina uhuru wa kufanya ipendavyo, kwa kuwa muda wake umewekewa mipaka na sukari yenyewe. Shira iliyopikwa hadi ukavu haigandi kama maji yagandavyo kuwa barafu, kwa ghafla na kwenye joto maalumu. Hukazana polepole kadiri inavyopoa, kutoka ugiligili hadi ulaini wa nta na hatimaye ugumu wa kioo, na kati ya moto usioshikika na ugumu usiovutika kuna dakika kama tano hadi kumi za kufanya kazi. Mvutaji huutambua mwisho wa muda huo kwa mabega yake kabla ya macho, kwa sababu donge huanza kumrudishia nguvu anazolipa. Watu wawili wakisaidiana, mmoja akipokea ncha anayopewa na mwenzake, hupata joto lililolingana na uchovu uliogawanyika, na pengine ni kwa sababu hii kuvuta sukari, popote kulikofanywa nyumbani, kumekuwa kazi ya kufanywa na wenzi kuliko ya mtu mmoja aliyejifungia jikoni.

Ufundi huu ni wa zamani mno kuliko pipi ya mnanaa. Waandishi wa Kiarabu na Kiajemi wa Zama za Kati waliijua fanidhi, sukari iliyopikwa, ikavutwa hadi ikawa nyeupe na kukatwa vipande, nayo ilihesabiwa katika dawa za kifua na kikohozi kabla ya kuhesabiwa katika vitamutamu. Kutoka kwao matabibu wa Ulaya waliipokea wakaiita kwa jina la Kilatini lililotokana na hilohilo. Pwani ya Afrika Mashariki ina ndugu yake katika gubiti, pipi ya nyumbani inayovutwa kwa mikono na kuuziwa watoto, ambayo kanuni yake ni ileile ya shira, ndimu na mikono, ijapokuwa harufu yake huweza kuwa ya vanila, ya matunda au ya kitu kingine kilicho karibu. Kiswahili kilichofika Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na Rumonge, mji wa kandokando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na wafanyabiashara wa misafara kilikuja na watu waliozijua halua na kashata, na si jambo la kushangaza kwamba katika maeneo hayo vitamutamu vya sukari vina heshima yake siku za Idi. Lakini historia ya sukari ya pwani haina utamu mtupu. Pangani, katika karne ya 19, mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, naye alikuwa mwenye shamba la miwa. Anayetafakari juu ya thamani ya kazi katika sukari hana budi kukumbuka kwamba kwa sehemu kubwa ya historia yake kazi hiyo haikulipwa kabisa.

Mnanaa wenyewe ulioipa peremende harufu yake ni mgeni wa karibuni ukilinganisha na sukari ya kuvutwa. Ni chotara, yaani mmea uliozaliwa na aina mbili tofauti, mnanaa wa majini na mnanaa wa bustani, na mwanabotania Mwingereza John Ray aliuandika mwaka 1696, kabla ya Carl Linnaeus wa Sweden kuupa jina lake la kisayansi mwaka 1753. Kama machotara wengi, hautoi mbegu za kutegemewa, na kila shina linalokua leo limetokana na kipande cha shina lingine, jambo linaloufanya uwe rahisi kwa mwenye uwanja mdogo, kwani kipande chenye fundo kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu, hata ndani ya kopo, huota. Mnanaa wa kawaida wa chai, unaopatikana kwa urahisi zaidi, una harufu tamu lakini hauna ule ubaridi mkali, kwa kuwa ubaridi hutoka kwa mentoli, kemikali ambayo mnanaa wa peremende unayo kwa wingi na ule wa bustani hauna ila kidogo sana.

Ubaridi huo si ubaridi. Mwaka 2002 maabara za David Julius na Ardem Patapoutian, kila moja kwa njia yake, zilieleza kipokezi kilicho kwenye ncha za neva, yaani protini inayofunguka joto linaposhuka na kuupelekea ubongo habari ya baridi, na kuonyesha kwamba mentoli hukifungua hata pasipo na baridi. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2021 kwa utafiti wao juu ya vipokezi vya joto na vya mguso. Mdomo wa mtu wa Bujumbura aliyekaa kivulini mchana wa Septemba una joto lilelile uliokuwa nalo kabla ya pipi, lakini neva zake zinashuhudia vinginevyo, na kila pumzi anayovuta inauongezea ushahidi huo nguvu. Kwa upishi, jambo lenye uzito zaidi ni kwamba mentoli hukimbia pamoja na mvuke. Anayechemsha majani ya mnanaa ndani ya shira tangu mwanzo huijaza nyumba harufu nzuri na kuibakizia pipi harufu kidogo mno. Mafuta ya mnanaa, matone manne au matano kwa nusu kilo, yatiwe shira ikishatoka motoni, au yadondoshewe donge likiwa mwanzoni mwa kuvutwa, ili mikunjo ileile inayoingiza hewa iyasambaze. Mafuta hayo lazima yawe ya kuliwa, si ya kuchulia, na yakizidi huleta uchungu unaochoma.

Mfano ulio bora wa pipi hii kutoka jikoni hadi sokoni uko mbali na Afrika, katika mji mdogo wa Gränna nchini Sweden, ambako Amalia Eriksson, mjane aliyeachiwa mtoto mchanga, aliomba kibali cha kuoka na kuuza vitamutamu na kukipata mwaka 1859, wakati ambapo mwanamke wa Sweden hakuwa na uhuru wa kufungua biashara bila ruhusa ya wakubwa wa mji. Pipi yake, polkagris, ni kijiti cheupe chenye mistari myekundu, kilichotengenezwa kwa sukari, maji, siki kidogo badala ya ndimu, na mafuta ya mnanaa. Donge hugawanywa, sehemu moja hutiwa rangi, nyingine huvutwa hadi iwe nyeupe, na mbili hizo husokotwa pamoja. Amalia alifariki mwaka 1923, na mji huo hadi leo huishi kwa sehemu kwa pipi hiyo, inayovutwa mbele ya macho ya wageni. Ni rahisi kuugeuza mfano huu kuwa hubiri la ujasiriamali kwa wanawake wa Musaga, na ingekuwa kuwadanganya. Gränna ina watalii wanaolipia kuona mikono ikifanya kazi, na ilikuwa na sukari ya kununua mfululizo. Mtengenezaji asiyejua kama wiki ijayo atapata kilo nyingine hawezi kuweka ahadi kwa mwenye butike, na mwenye butike asiyepata ahadi hurudi kwenye pakiti za kiwandani. Kinachoweza kuchukuliwa kutoka Gränna ni kidogo zaidi na cha kweli zaidi, kwamba mteja alilipia weupe, mistari na mng'ao, ambavyo vyote ni kazi, na sukari ilikuwa kibebeo tu.

Jambo moja katika hesabu ya butike linamfaa mvutaji wa mikono, na halijatajwa vya kutosha. Pipi huuzwa kwa idadi, si kwa uzito. Nusu kilo ya sukari, maji yakishaondoka, hurudi kuwa karibu nusu kilo ya pipi, yaani vipande kama 100 vya gramu tano tano, lakini sukari iliyovutwa vizuri ina umbo kubwa kuliko isiyovutwa kwa uzito uleule, kwa hiyo vipande vyenye ukubwa wa kawaida huweza kuwa vyepesi zaidi na vingi zaidi. Si ulaghai, kwa kuwa mlaji anapata pipi laini na bora kuliko ile nzito. Ni malipo ya mabega. Kwa harusi, kwa sherehe ya shule au kwa meza ya sikukuu, ambako pipi 100 zenye mistari iliyotiwa rangi ya choya, ua jekundu la kinywaji, huonekana na kusifiwa, kazi hiyo inapata bei yake. Kwa mauzo ya kila siku haipati, na ni afadhali kulisema hilo mapema.

Adui wa mwisho ni hewa ileile iliyokuwa rafiki, ikija na unyevu. Sukari isiyo na fuwele hunyonya maji kutoka hewani kwa pupa, na Bujumbura, kati ya Oktoba na Mei, ina hewa ya mvua inayoweza kuifanya peremende inate jioni ya siku ileile iliyovutwa. Ikifunikwa na kuachwa mahali pakavu kwa siku kadhaa, unyevu mdogo huweza hata kuwa na faida, maana huiamsha sukari ijipange polepole kuwa fuwele ndogo sana, na pipi hugeuka kutoka ya kuvunjika na kuwa ya kuyeyuka kama siagi ulimini, jambo ambalo wapenzi wa peremende za kizamani hulitafuta kwa makusudi. Unyevu ukizidi, hata hivyo, hakuna kilichobaki isipokuwa gundi yenye harufu nzuri. Ili kuuzuia, vipande hupakwa unga mwembamba wa mahindi au wa sukari, hufungwa karatasini kimoja kimoja, na kuwekwa kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza.

Basi mwenye nia ya kujaribu na aanze katika kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kwa nusu kilo na si zaidi, akiwa na mwenzake wa kushika ncha ya pili, mkasi uliopakwa mafuta wa kukatia vipande, na bakuli la maji baridi karibu ya mkono. Imbabura iwekwe mahali ambapo mtoto hapiti, kwa kuwa shira ya nyuzi 150 haichuruziki kutoka kwenye ngozi kama maji ya moto, hushikamana nayo na kuendelea kuunguza. Ikimwangukia mtu, sehemu hiyo itiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na kidonda kikubwa kipelekwe kituo cha afya. Na peremende zikishakauka, wasipewe watoto wa chini ya miaka minne, kwa sababu pipi ngumu huwakaba.